Mgeni Aliyekuja Kuuliza Kaburi

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina. Kuna mambo mawili sijayakiri kwa mtu: nilichomwambia mgeni mmoja, na nilichowaambia watu wangu juu yake. Nina miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu wa kijiji kimoja karibu na Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mapafu yamechoka, hata msikitini nafika kwa kushikwa mkono. Naandika mwenyewe, polepole, mke wangu akidhani nasoma habari.

Ujanani serikali ilitupeleka Ujerumani, kwenye kiwanda cha malori katika jiji kubwa. Kazi yangu ilikuwa kufunga milango. Mlango ukishakaa, unaugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukilia vibaya, unaanza upya. Mwanamke wa huko aliyefanya kazi ubavuni mwangu aliizoea tabia hiyo hata nyumbani akawa anagonga makabati. Niliporudi, mke wangu aliniuliza kama nimeacha kitu huko. Nilishika msahafu, nikaapa sikuacha.

Gesi ilipogunduliwa, kila gari geni lilitutia shaka. Walikuja watu wa kampuni ya gesi wakaandika makaburi, hili la nani, lile la nani, hata la mama yangu, wakasema ni utaratibu tu. Tangu hapo kuaminiana kulitutoka. Jirani akinunua bati, tunaulizana shamba amemuuzia nani.

Mwaka juzi likaja gari jeupe la kampuni. Akashuka mwanamke wa rangi ya maji ya kunde, kavaa suruali. Akafunga mlango, akaugonga mara mbili, akatega sikio.

"Analigonga kama fenesi," akasema jirani yangu Saidi. "Kwani limeiva?"

Watu wakacheka. Mimi sikuondoa macho kwenye ule mlango.

"Mwalimu, mbona umekauka kama papa wa kuanika?" mke wangu akaninong'oneza. "Kimada wako?"

Mgeni alisema Kijerumani, na pale nilikijua mimi tu. Alitaja jina langu la shuleni, la wakati wa Wareno, ambalo kijijini limesahaulika. Akauliza kama mtu huyo yu hai.

"Alikufa zamani," nikamjibu.

Kisha akawageukia watu, akajigusa kifua: "Sakina."

Watu wakaguna. Sakina ni jina la mama yangu. Bibi mmoja akasema, "Huyu ana watu wake hapa," na nyuso zikaanza kulainika. Nikaingiwa na hofu.

"Jina amelitoa kaburini," nikawaambia. "Si walikuja kuandika? Sasa anauliza makaburi mengine yako wapi."

Waliniamini, maana mimi ndiye msomi wao. Vijana walimsukumia garini, wakalipiga gari ngumi mpaka likaondoka.

Juzi dereva wa kampuni ameleta ujumbe: Ijumaa yule mgeni anarudi, anaomba kuonyeshwa kaburi moja. Saidi amenifuata hadi kitandani, kafurahi. "Si ulisema, Mwalimu? Makaburi! Safari hii hatoki na matairi yake." Wanangu wa kiume wamo katika shauri hilo. Mke wangu peke yake hayumo. Tangu jana akiniletea uji ananiuliza, "Kaburi la nani, Mwalimu?" na kunitazama mdomo.

Nikisema, wanangu watadhani mgeni amefuata fidia ya kampuni kwa shamba letu, na kiapo changu kitaanguka mbele ya mama yao. Nikinyamaza, watamuumiza mtu asiye na kosa, na mimi nitakufa nikijua. Ndugu wasomaji, wenye wake na wenye wazee, nianze na nani: mke wangu, vijana, au yeye mwenyewe? Nishaurini, Ijumaa haiko mbali.

Lakini kabla hamjanijibu, mjue na hili. Jina lile halikutoka kaburini. Nilimwadhinia sikioni siku aliyozaliwa, na siku ya saba nikampa, mimi mwenyewe, jina la mama yangu.