Sahani ya Johari Juu ya Uchaga

Mwanawetu wa Salale alikuwa na nyimbo arubaini kichwani, na hata jina lake hajui kuliandika. Ukitaka wimbo wake wa kumtolea mwali wako, unamwendea na chano cha unga wa mchele, unapiga magoti, unasema, "Naomba wimbo." Basi. Anakufundisha mpaka ukukae. Ukiimba bila kuomba, wanawake wanakukatia ngoma katikati, unabaki umeachama. Na mwisho wa kila wimbo lazima atajwe: Mwanawetu nimetunga. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake duniani.

Sasa wifi yake Johari, mke wa kaka yake Mfaume, akaenda Dar es Salaam. Zama za Mwingereza hizo, vita ya Hitla imeisha miaka mitano sita, na mjini kuna watu wanakuingiza chumbani, unaimba, sauti yako inanaswa kwenye sahani nyeusi ya gramafoni. Johari akaimba wimbo wa Mwanawetu, ule ambao Mwanawetu alimtungia binti yake mwenyewe, Fatu. Hakuomba. Na mwisho, bila haya, akasema: Johari nimetunga.

Mwanawetu aliusikia Kibiti, dukani, amekwenda kununua kaniki. Gramafoni linalia, watu wamejaa mlangoni, vichwa vinatikisika.

"Wimbo wa nani huo?"

"Wa Johari! Humjui wewe?"

Akaiacha kaniki palepale. Akashuka mpaka mtumbwini. Alikuwa ameng'amua kitu kibaya sana: mtu unaweza kumkatia ngoma, sahani huiwezi. Kila gramafoni likitiwa ufunguo, inasema Johari, Johari, Johari.

Akangoja.

Mwaka wa pili Johari akaja Salale na Mfaume, na gramafoni lake na sahani ileile kwenye kasha, anatembea kama mke wa liwali. Kesho yake jirani yao Mshamu alikuwa anamtoa mwali wake, Zamda, na ameshakubali atolewe kwa sahani, mambo ya kisasa.

"Wifi," Johari akasema, "kitu hiki kinaogopa unyevu na panya. Nyie huku mnaweka wapi vitu vya thamani?"

Hilo hata mtoto wa huko anajua. Mbegu ya mpunga, msahafu, cheti cha ndoa, vyote vinapanda kwenye uchaga juu ya jiko. Moshi unakausha, mdudu hasogei.

"Si juu ya uchaga wangu? Kwani wewe umezaliwa Ulaya?"

Johari akacheka, akaipandisha sahani kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Mwanawetu aliwahi kufua nguo kwa karani mmoja Utete. Siku moja yule karani alisahau sahani dirishani, jua likaipiga, jioni imelegea kama sikio la tembo. Basi asubuhi Mwanawetu akainjika masufuria matatu, akachochea kuni za mkoko, zile zinazowaka mpaka zinakubabua nyusi. Anachochea, anatabasamu.

"Wali wote huo wa nini?"

"Wageni wengi, wifi yangu."

Saa nne mwali yuko mlangoni, kafunikwa kanga. Johari akaishusha sahani, akaiweka harakaharaka kwenye gramafoni. Sindano ikapanda, ikashuka, ikaruka. Sauti ikatoka kama mbuzi mwenye mafua. Sahani imebonyea katikati! Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

"Johari, ulikula kamba na miba yake?" akauliza Sikujua, mpiga vumi, ile ngoma kubwa.

"Imbeni basi!" Mshamu akafoka. "Mwanangu amesimama juani!"

Johari akafungua mdomo aimbe. Sikujua akaliweka vumi lake chini.

"Umeuomba?"

"Wa kwangu huu! Uko kwenye sahani!"

"Haya, sahani iimbe."

 Zamda anajifuta jasho chini ya kanga. Johari akamtazama mumewe Mfaume; naye anatazama maji. Mwisho akaingia ndani, akatoka na chano cha unga, akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Naomba wimbo."

"Sijasikia, wifi. Tangu siku ile ya Kibiti masikio yangu mabovu."

"Naomba wimbo!"

"Wa nani?"

Machozi ya Johari yakadondokea ungani. "Wako. Wako, Mwanawetu."

Mwanawetu akapokea chano. Johari akamnong'oneza, "Ule moto. Ulijua?"

"Nilijua. Simama uitikie."

Akauanza yeye mwenyewe, mwali akatoka.

Johari alitaka kuitupa ile sahani mtoni. Mwanawetu akamwomba ampe. Akairudisha motoni kidogo, akaifinyanga pembeni ikawa bakuli, akaziba tundu kwa nta, akawa anatilia duvi wakavu, wale kamba wadogo. Na kila Johari akija, hata hajaketi, anasogezewa bakuli jeusi lenye jina lake bado kwenye karatasi ya katikati.

"Karibu duvi, wifi. Kula, usione haya."