Kovu Chini ya Manyoya

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mifugo Garissa, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vikiwa vimepamba moto, Afisa wa Mifugo alinikabidhi daftari. "Humu mna chapa za ngamia wa hapa. Usimwamini mtu. Amini daftari." Nilikuwa na cheti cha shule na kalamu mbili mfukoni, kwa hiyo nilijiona msomi.

Chapa huchomwa shingoni kwa chuma cha moto ili ukoo umjue mnyama wake. Mzee Hirsi, mkalimani wetu, alizisoma kwa vidole, maana manyoya hufunika kovu la zamani. Kila asubuhi alinishika mkono. "Funga macho, kijana. Wewe nasikia?"

"Nasikia, mzee." Sikusikia kitu. Nilishuku ananichezea, tena mipango yangu ilikuwa chuo kikuu, si kupapasa ngamia.

Kisha askari wakaleta ngamia sita kutoka porini, wakidai ni wa shifta. Mjane mmoja, Mama Halima, aliwafuata kwa miguu. Walikuwa mali yake yote, alisema, wenye chapa ya marehemu mumewe: mstari na duara. Mimi niliona mstari tu.

Mzee Hirsi akapapasa. "Duara iko hapa. Ni yake, wallahi."

"Mzee na huyu mama ni ndugu wa ukoo mmoja," Afisa alisema. "Karani, gusa wewe. Si amekufundisha mwaka mzima?"

"Pole pole, mwanangu," mama akaniomba.

Nilifumba macho. Chini ya vidole vyangu palikuwa na ngamia, basi. Ningeweza kusema duara lipo, lakini hata mimi nilimshuku mzee.

"Hakuna kitu, bwana."

Serikali ikawataifisha ngamia, na siku ya mnada walinyolewa shingo ili wapigwe chapa ya serikali. Duara lilikuwapo, kwa wote sita. Afisa akasema hati zimeshatiwa sahihi.

Kesho yake Mzee Hirsi alinishika mkono kama kawaida. Safari hii nilifumba macho kweli.

Nilihamishiwa Elwak, kisha Eldas. Digrii nayo nikaipata, haijawahi kunisaidia shingoni mwa ngamia. Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Iftin, hapa Garissa, na vijana huja na vinasa sauti wakisema watahifadhi ufundi wetu. Nawashuku. Wanaitikia kwa kichwa upesi mno, na mwitikio huo naujua.

Juzi nilimpeleka binti mmoja wao kwa ngamia wa jirani, nikamshika mkono. "Unasikia?"

Alipapasa shingo juu hadi chini, akarudia. "Sisikii kitu, mzee."

Nikamwambia arudi kesho.