Mwendo wa Saidi

Mchana ule mama alimkalisha mdogo wangu Saidi kwenye kigoda, akawa anamchokonoa mwiba kisiginoni kwa sindano. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Msumbiji, mwendo wa siku mbili kutoka mto Ruvuma. Saidi alikuwa na miaka sita, mimi kumi, na alilia kwa sauti ya kuita majirani. Mwiba ukakatikia ndani. Mama akasema, "Basi, hiki kipande kilichobaki tutakitoa kesho." Saidi akaenda kucheza, anakanyagia vidole vya mguu wa kushoto, mkono kiunoni kama bwana shamba. Tulimcheka mpaka jioni.

Alfajiri wakaja wenye bunduki.

Mama alikuwa mjamzito, hakuweza kumbeba Saidi. Nikakabidhiwa mimi mkono wake. Tulitembea porini siku mbili, kisigino kikavimba, naye akaacha hata kulia.

Tulipokaribia mto, risasi zikalia nyuma yetu.

Nilikimbia.

Nilipogeuka, mkononi sikuwa na kitu.

Mama alirudi kumtafuta mara mbili. Hatukumpata, si mzima wala maiti. Tukavuka.

Sasa mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Mwembesongo, na nasema bila haya kwamba nafundisha vizuri. Ila nikiulizwa kwetu wapi, hujibu Tunduru, wilaya iliyotupokea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilidumu zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka huu tulifika kwenye mada ya watu kuhama. Kwa mada hiyo mimi situmii ramani, natumia utani wa makabila. Kila mtoto aulize nyumbani: watani wetu ni nani, na utani huo ulianzaje? Ukiufuata utani nyuma, mara nyingi unafika kwenye safari au kwenye vita. Mtoto wa Kingoni na mwenzake wa Kihehe waligundua kwamba babu zao walichinjana kwanza, ndipo wakataniana. Walitazamana, wakacheka, na mmoja akachukua kalamu ya mwenziwe bila kuomba. Hiyo ni haki ya mtani.

Zuhura, Mluguru mwenye mdomo kuliko wote, alisimama siku ya kwanza akatangaza, "Sisi hatujahama, mwalimu. Wakuja ni hawa."

"Kamuulize bibi yako," nikamwambia.

Kesho yake alikuja mpole. "Bibi kasema wazee wetu walipanda mlimani wakikimbia vita."

"Kumbe na nyie wakimbizi!" akadakia yule mtoto wa Kingoni, na darasa zima likaangua kicheko. Zuhura hapendi kushindwa, akanigeukia mimi. "Na mwalimu je, watani wako ni nani?"

Niliogopa, nakiri. Jina la mkimbizi likishakuganda halibanduki, na mimi naishi kwa heshima ya watoto hawa. Lakini nilikuwa nimewatuma wote wakaulizie ukweli kwao. Ningewadanganya kwa mdomo gani?

Nikawaeleza kijiji, mwiba, mwendo ule tuliomcheka, risasi. Nikawaeleza hata lile ambalo mama alikufa bila kulijua, kwamba mkono wa Saidi haukunichopoka. Niliuachia mwenyewe, ili nikimbie.

Nilipomaliza, Zuhura akauliza taratibu, "Mwalimu, kwenye msiba wake watani walikuwa akina nani?"

"Hakuzikwa, Zuhura. Hatukuweka msiba."

Huku kila mtoto amewahi kumwona mtani msibani. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Kwa hiyo nilijua anakoelekea alipotoka kwenye dawati lake, nami sikumzuia.

"Basi kuanzia leo mimi ndiye mtani wako," alisema. "Si wote tulikimbia?"

Akaenda mlangoni. Akakanyagia vidole vya mguu wa kushoto, akaweka mkono kiunoni, akaanza kuja ubaoni polepole.

"Nipisheni mie nipite! Dada yangu ana mbio yule, hata swala haoni ndani! Kaniachia mwiba wangu, kaenda zake!"

Watoto wakashika midomo. Hata mtu mzima asingethubutu kunitupia neno hilo. Mimi nikacheka, nikacheka kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo, kisha nikalia mbele ya darasa zima bila kujificha, kilio ambacho kilikuwa haki ya Saidi tangu siku ile.

Sijapona, wala sidai nimepona. Saidi hayupo, na mkono uliomwachia ndio huu ninaoandikia ubaoni. Lakini amepata msiba wake, ulioendeshwa na mtu anayejua kazi.

Zuhura alifika mezani kwangu, akachukua boksi la chaki bila kuomba, akaenda kukaa nalo.