Maboksi Yaliyolowekwa Njiani

Shangazi yangu hapendi gari tupu. Kila lori letu lilipopeleka trei za mayai Kibondo, lilirudi Kasulu limejaa maboksi yaliyokwishatumika: ya sabuni, ya biskuti, ya mafuta ya misaada kutoka kambi ya wakimbizi. Hayo ndiyo tuliyoyasaga katika karakana yetu yakawa rojo, na rojo likawa trei tena.

"Gari tupu linakunywa dizeli ileile," shangazi husema, "halafu linawapulizia watu moshi bure."

Maboksi makavu hayasagiki. Lazima yalowekwe kutwa nzima kwanza, na maji yetu ni ya kisima. Mvua zilipoanza, shangazi akapata wazo, nasi sote tukalipenda: tusifunike mzigo. Mvua itulowekee maboksi njiani, tukifika yaende moja kwa moja kwenye mashine. Tungeokoa maji, tungeokoa na siku nzima ya kazi.

"Mama, sasa umeajiri hata mawingu," dereva alisema huku akikunja turubai.

"Hayaombi chai," shangazi akajibu.

Mvua ilitukuta tumeshaacha Kibondo nyuma. Nilikaa katikati ya shangazi na dereva, nikiisikiliza juu ya paa la kibini kama mtu anayesikiliza mgeni aliyemwalika mwenyewe. Kisha lori likaanza kuguna kwenye vilima ambavyo siku zote tulivipanda tukipiga soga. Tulipofika juu ya mteremko mrefu, nikaona daraja jembamba kule chini, na watu wanatoka sokoni wakiupanda mlima, vichwa vimeinama chini ya mifuko ya nailoni, wengine wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi.

"Mzigo unalisukuma gari," dereva alisema taratibu.

Hatukuwa tumewaza jambo hilo hata mmoja wetu. Karatasi inakunywa. Mzigo tuliopakia Kibondo ukiwa mwepesi kama makapi sasa ulikuwa mlima mwingine nyuma ya migongo yetu. Harufu ya breki iliingia kibini, kali, kama nywele zinazoungua. Dereva akaulalia usukani, akalibana lori kwenye ukingo wa udongo, likasimama limeinama.

"Nikitoa mguu, linaondoka," alisema. Kisha akamtaja Imana, Mungu kwa Kiha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mimi na shangazi tukashuka, tukaweka mawe chini ya magurudumu. Mawe yakaanza kuzama kwenye tope mbele ya macho yangu. Niliwapigia kelele watu wa chini. Mvua ikaimeza sauti yangu, wao wakaendelea kuja. Mwanamke aliyetangulia alikuwa na mtoto mgongoni.

"Tunashusha," shangazi alisema.

"Mama, hizo ni trei za wiki nzima," dereva akasema dirishani.

"Wewe shikilia breki."

Nikapanda juu ya mzigo. Ulikuwa unatetemeka. Nilikata kamba, nikaanza kuyavuta maboksi, mazito, yanachanika mikononi kama mkate uliotiwa chai. Nilipoangusha robota la kwanza, lori lilisogea. Kidogo tu, upana wa kiganja. Nilitaka kuruka. Shangazi alikuwa chini, bega lake limeegemea gurudumu, kana kwamba bega la mtu lingeweza kitu, na kwa sababu hakuondoka, nami sikuruka. Niliendelea kutupa, nikilia bila kujua, mpaka mbao za sakafu zikaonekana.

Watu walitufikia wakiwa wamelowa. Yule mwanamke aliangalia mtaro uliojaa karatasi, akamwangalia shangazi.

"Mmemwaga mali, mama."

"Pita, mwanangu. Pita upesi," shangazi akasema.

Tulisubiri hadi wa mwisho alipopita. Dereva akaweka gia ndogo, tukateremka pole kama tunaosindikiza maiti. Tulivuka daraja, tukaingia Kasulu na gari tupu.

Wiki ile mashine ilikaa kimya. Wafugaji wa kuku walipiga simu, shangazi akawajibu mmoja mmoja kwamba trei hakuna. Siku hizi, hata jua liwe kali kiasi gani, lori haliondoki Kibondo kabla shangazi hajalizunguka akivuta kila kona ya turubai. Mimi huwa nimeshakaa kibini, nikitazama mawingu.