Chumba cha Nyuma cha Mzee Mniko

Pikipiki ilituzimikia tulipokwisha kuiacha Nyamongo, ikawaka, ikazima tena karibu na Genkuru, na safari hii dereva hakuhangaika kuiwasha. Mbele hakupitiki, alisema. Mvua ilikuwa imebeba kalvati. Mimi nilikuwa naelekea Mugumu, nikiwa na begi moja na viatu visivyofaa kwa tope lile. Akanyoosha mkono kwenye mwinuko.

"Panda pale kwenye nyumba za kampuni, uulize Mzee Mniko. Mwambie umekwama. Hafukuzi mtu yule."

Mitaa ya namna hiyo nimeiona Kolwezi, nimeiona Welkom, miji ya migodi ya mbali. Madini yakishawaondoa watu mahali, hakosekani mtu mwenye ramani wa kuwapanga upya kwa mistari. Ila ule wa Genkuru ulikuwa na sura yake. Nyumba za mstari wa mbele zilikuwa na bati jipya linaloumiza macho. Za nyuma ziliishia kwenye lenta, juu ya madirisha, bila paa, na ndani yake, pale ambapo pangekuwa sebule, mahindi ya mtu yalikuwa yamefika kiunoni. Katikati watu walikuwa kazini: wanawake wakipandisha maji, wanaume wakikoroga udongo na saruji, na pembeni sufuria kubwa la uji limefunikwa kwa jani la mgomba.

Mzee aliyekuwa akiwasimamia alivaa koti la suti lililojaa vumbi la saruji, na gambuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa na kampuni?"

"Hapana. Nimekwama. Kalvati imekwenda na maji."

"Afadhali. Wanaotumwa na kampuni hawabebi kitu." Akanikabidhi ndoo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye risaga, ile kazi ya pamoja ya Wakurya ambayo leo inafanyika kwangu na kesho kwako, na malipo yake ni kulishwa. Jioni mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi. Mzee Mniko alinipeleka kwenye stoo ya saruji alikokuwa akilala usiku wa zamu yake ya ulinzi, akanitandikia magunia matupu, akavua gambuti taratibu kama anayevua miguu yenyewe.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Nimechoka."

"Wewe umeanza leo," akasema, akalala.

Habari za mtaa ule nilizipata vipande vipande, nyingine kwake, nyingine kwa Fundi Dullah, seremala kutoka Mugumu aliyekuwa akifunga milango. Watu wa pale walihamishwa kutoka ukingoni mwa shimo la mgodi. Kampuni ya ujenzi iliyotumwa na mgodi ikaja kuwajengea, ikafika kwenye lenta, ikaondoka. Kwa muda mrefu watu waliendelea kukaa kwenye nyumba zao za zamani, kuta zikipasuka kila baruti ilipolia. Mwishowe wakachagua kamati, wakamweka Mniko mwenyekiti, wakaenda kuitafuta kampuni na kuiambia: mchanga wetu, maji yetu, mikono yetu, ninyi leteni saruji, bati na milango.

Kampuni ilikubali, lakini ilikuwa na hofu moja, nayo ni tegesha. Msomaji wa mbali huenda hajui. Miaka ile ya dhahabu, tetesi ikitoka kwamba mgodi unapanuka, nyumba ziliota kama uyoga: miti, udongo, bati kuukuu, hakuna aliyekusudia kulala humo. Mtu anategesha, anasubiri mthamini apite, alipwe fidia. Kampuni ikasema itarudi kwa sharti kwamba hakuna atakayeongeza kitu kwenye kiwanja chake, leo wala baadaye. Nyumba moja, kiwanja kimoja, basi.

"Aliyesimama mkutanoni ni mimi," Mzee Mniko aliniambia. "Nikasema, atakayeongeza hata banda la kuku tutalibomoa wenyewe. Na tukabomoa. Banda la mbuzi la Waitara, mdogo wangu, mtoto wa mama mmoja na mimi. Akachukua mbuzi, akachukua na ng'ombe zangu nilizomwachia, akahamia Nyanungu. Lakini kampuni ikaamini, ikaleta bati."

Wiki ile nyumba yake ilikuwa ndiyo inayofuata kukabidhiwa. Alikuwa mjane. Mtoto aliyebaki naye ni mmoja, Machage, dereva wa mtambo mgodini, mwenye mke aitwaye Boke na watoto watatu wadogo. Wote walikuwa bado kwenye boma la zamani, mzee na kibanda chake, mwana na nyumba yake, na ua katikati. Siku ya kupewa ufunguo, boma lile lingevunjwa. Hilo nalo lilikuwa sharti.

Tulikuwa tukisugua sakafu ya nyumba hiyo mpya nilipouliza swali nililodhani ni la kawaida. Ilikuwa na vyumba vitatu chini ya bati moja, vya mzee na vya kina Machage.

"Mzee, chako kipi?"

Ndoo zikasimama. Machage, aliyekuwa akipaka chokaa, akashuka kwenye ngazi, akatoka nje. Mzee akatazama dirishani. Aliyecheka ni Dullah peke yake.

"Kaka, wewe umetembea dunia nzima lakini hapa umeingia na viatu msikitini."

Alinivuta nyuma ya nyumba, akanieleza. Kwa Wakurya, baba halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Haingii nyumba ya mwanawe akajinyoosha. Mkwe hampi mkono, na chakula anamwekea kigodani kisha anarudi nyuma. Ndiyo maana bomani kila mmoja ana nyumba yake.

"Sasa ramani hii aliikubali nani?"

"Wao."

"Na hakuna aliyesema?"

"Aseme nani? Mkutanoni wamekaa baba na mtoto, mkwe yuko pale nyuma na wanawake wenzake. Mzee asimame aseme, mimi siwezi kulala karibu na kitanda cha huyu? Wakajadili bati wiki nzima. Wakajadili choo mpaka wakatukanana. Vyumba, kimya. Kila mmoja akijua mwenzake atasema."

Niliwahi kuona heshima ikiwaponza watu, lakini si kwa namna ile: mtaa mzima umejengwa juu ya jambo ambalo kila mtu alilijua, na ambalo adabu ilimkataza kulitaja. Familia chache zenye wazee zilikuwa zimeshapata dawa yake. Huyu amempeleka baba kwa binti yake Tarime, yule amempangia chumba Nyamongo. Mniko hakutaka kwenda kokote.

"Nimezika mke, nimezika watoto," aliniambia siku hiyo tukila. "Kimebaki kitu kimoja ninachotaka. Niwe nasikia watoto wa Machage wakigombana asubuhi. Ninyi wengine mnaona ni kelele."

Siku iliyofuata alikuja Elieth, msimamizi aliyetumwa na kampuni, dada wa makamo mwenye kofia ya plastiki na sauti iliyokauka kwa vumbi. Alitoa shikamoo kwa wote kabla ya kukaa. Mzee alisubiri Machage aende zamu, akasubiri wanawake wateremke mtoni, ndipo akaanza kuongea, tena kwa kuzunguka.

"Mwanangu, nikijenga kibanda kidogo pale nyuma? Cha mtu mmoja. Cha kuweka majembe."

Elieth akamtazama. "Mwenyekiti. Cha majembe, au cha kulala?"

Mzee akakung'uta koti. Dullah ndiye aliyemaliza maneno kwa niaba yake, na Elieth akainamisha kichwa.

"Mngesema mapema, mzee wangu. Wakati wa ramani ningewatenganishia."

"Tungesemaje? Watoto wetu walikuwa wamekaa pale."

"Nikikuruhusu wewe leo, kesho nina vibanda mtaa mzima, na ofisini wataambiwa ni tegesha. Watasimamisha bati za nyumba za nyuma. Unajua."

"Najua. Aliyeyasema hayo ni mimi."

"Na mdogo wako Waitara atasema nini?"

"Atacheka," akasema mzee. "Atacheka mpaka ng'ombe washtuke."

Hawakuwa maadui wale wawili. Walikuwa watu waliochoshwa na kitu kimoja, kila mmoja kwa upande wake. Wakakaa wakitazama ile nyumba kama ng'ombe aliyegoma njiani. Kisha Elieth akauliza: je, kile chumba cha nyuma kikitobolewa mlango wa nje, na mlango wa ndani ukazibwa kwa tofali? Hakuna jengo lililoongezwa. Mzee angeingia kwake kwa kupitia uani, na wenye nyumba kwao kwa kupitia mbele.

Wazee waliitwa. Walikaa na uji, wakabishana kama nyumba ni paa au ni mlango. Mmoja alisema paa, akashika hapo hapo. Wengine, nadhani wakijifikiria wao wenyewe na vyumba vyao vya nyuma, walisema mlango. Mlango wako, nyumba yako. Dullah akachukua tindo.

"Mura, usinivunjie ukuta wote," mzee akamwambia.

"Kijana gani mwenye mvi, mzee wangu? Niite fundi."

"Fundi hakati fremu imepinda hivyo."

"Haijapinda. Wewe ndiye umesimama upande."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mzee Mniko akicheka. Mlango wa ndani ukazibwa, wa nje ukafungwa bawaba na komeo, ufunguo ukatolewa, boma la zamani likavunjwa. Boke alifagia chumba kile kabla mzee hajafika, akaacha mtungi wa maji mlangoni, akaondoka. Mimi nilibaki stoo. Kalvati ilikuwa bado.

Nilimwona asubuhi amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake mpya, koti limefungwa vifungo vyote. Nilidhani ni mgonjwa.

"Umelalaje?"

"Vizuri. Joto tu."

Hapakuwa na joto. Usiku ule tulijifunika hata miguu. Asubuhi ya pili alinijibu hivyo hivyo. Ya tatu akaonyesha juu kwa kidevu. Kuta za ndani za nyumba zile hazikufika kwenye bati. Kampuni na wakazi walikubaliana kuacha dari na kutozipandisha kuta hizo ili saruji itoshe nyumba zote, kwa hiyo ukilala unaona kenchi za paa zikipita kutoka chumba hadi chumba, na sauti inapita nazo.

Dullah alikuwa karibu. "Hilo ndilo linakusumbua? Tofali chache. Leo hii naziba mpaka kwenye bati."

"Si kwamba nasikia," mzee akasema. "Sisikii kitu."

Hatukumwelewa.

"Hawasemi. Machage akirudi zamu anavua viatu kule barabarani. Yule mke wake anabana kikohozi mpaka anatoka nje kukohoa. Watoto wakianza tu, wanazibwa midomo. Nyumba nzima imeshika pumzi kwa sababu yangu." Akajaribu komeo la mlango, likafunga vizuri. "Ukiziba, Dullah, wataendelea kunyata. Wameshajua niko hapa."

Dullah alienda kupanga misumari yake.

Machage alinifuata stoo mchana, bado na nguo za kazi. "Kaka, wewe ni mgeni, unaweza kuongea naye. Mwambie asiende Nyanungu."

"Kwani amesema anaenda?"

"Amemtumia Waitara salamu. Baada ya miaka yote ile."

"Mwambie wewe. Mwambie mnaweza kupiga kelele."

Alinitazama kwa uchovu, kama ninavyotazamwa kila ninapodhani nimeielewa nchi ya watu. "Nitamwambiaje hilo? Ni baba yangu."

Nilimwambia mimi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaniuliza kama kalvati imeshawekwa. Kisha akamtafuta Elieth, akamwomba awahimize watu wa bati, kwa sababu nyumba za nyuma zimebaki bila paa na mvua inazidi. Akamwomba pia kwamba mitaa mingine watakayojenga, wawaulize wazee peke yao, na vijana peke yao, na wanawake peke yao. Elieth akasema atafanya hivyo. Uenyekiti Mzee Mniko akamwachia mzee yule aliyesema nyumba ni paa.

Aliondoka na pikipiki. Godoro lilikunjwa nyuma yake, kigoda kikafungwa juu ya godoro, na gambuti zikaning'inia pembeni. Waitara alikuwa amejibu salamu kwa maneno machache: mbuzi wamehamishwa, kuna nafasi. Machage alisimamia mizigo, akakaza kamba mara tatu pasipo haja. Boke alisimama mbali, khanga mdomoni, kichwa ameinamisha kama inavyopasa.

Mzee akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma.

"Stoo wanaibomoa leo," akasema. "Lala humu mpaka kalvati ipone. Wewe si mtu wao, hawatakuogopa."

"Na ukirudi kuwasalimia?"

"Nitakaa hapa nje."

Pikipiki ikateremka kuelekea njia ya Nyanungu. Wale watoto watatu wakatimka nyuma yake, wakisukumana, kila mmoja akitaka kushika kamba ya gambuti, na mdogo akaanguka kwenye tope, akaangua kilio. Boke akatoa khanga mdomoni, akawaita kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia tangu nifike, sauti kubwa ya mama aliyechoka, akiwatukana kila mmoja kwa jina lake. Wakarudi wakigombana, kila mmoja akisema ni mwenzake. Mzee hakugeuka, na kwa mngurumo ule wa injini sijui kama alisikia. Nilibaki mlangoni na ufunguo, nikiwasikiliza, mpaka pikipiki ikapotea nyuma ya mahindi.