Mkia wa Mjusi Kafiri

Juzi nilimwona mjusi kafiri asiye na mkia ukutani Mchikichini, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni chumbani kwetu. Mlango ulimbana mjusi, mkia ukadondoka sakafuni ukirukaruka peke yake. Nilipanda kitandani, maana watoto wa mtaa wetu tuliamini mkia ule humtafuta mtu umwingie mwilini. Leo najua huchezacheza ili adui aushangae, mjusi apate kukimbia.

"Unanitaka mimi," nililia.

"Umekwambia?" aliuliza dada Zuhura, aliyekuwa ameanza kusoma baiolojia. "Mwalimu wetu anasema usiamini kabla hujajaribu. Shuka, kaa kona ile, mimi nakaa hii. Tuone utamfuata nani."

Nilishuka polepole, sakafu ilinuka sabuni ya deki. Mkia uligonga, ta, ta, ukageuka, ukaelekea kwa dada.

Dada alifika kitandani kabla yangu.