Riba ya Chumba cha Tisa

Séraphin Kabera alizaliwa mlimani juu ya Kirolirwe, kwa wazazi wanaolima maharagwe na muhogo, na hadi leo vidole vyake ni vya mtu wa jembe, hata akishika kalamu. Alisomea uhasibu Goma, akarudi Kitshanga, mji ulio jirani na kwao. Kwa miaka minane sasa anatunza vitabu vya kampuni ya Papa Jean-Luc Dusabimana, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeona mapema kwamba watu wanaongezeka mjini kuliko nyumba. Kampuni ina vyumba arobaini vya kupangisha, safu nne nyuma ya soko, na maduka sita yanayotazama barabara ya pikipiki. Ni nyumba za mbao na mabati, sakafu ya saruji. Si za kifahari, lakini hazivuji.

Fedha za kujengea zilitoka kwa wakopeshaji wa Goma: dola elfu sitini. Siku ya kusaini waliwekewa mezani mikataba miwili. Wa kwanza ulikuwa na riba ya asilimia kumi na tatu, isiyobadilika kwa miaka mitano. Wa pili ulianza na kumi tu, ila kila baada ya miezi sita wakopeshaji wangeweza kuipandisha au kuishusha, kwa kadiri wao wenyewe walivyokuwa wakizipata dola. Papa Jean-Luc hakupenda hesabu. Alimgeukia Séraphin.

"Comptable, unasema nini?"

"Kwa ile ya kumi, tutalipa dola mia tano kwa mwezi. Kwa ile ingine, mia sita na makumi tano."

"Na ikipanda?"

"Ikipanda, tutaona."

Séraphin anakumbuka alivyolisema neno lile, miguu ameikunja chini ya kiti, akijiona mwerevu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, hata Papa Jean-Luc akamnunulia pikipiki. Kisha barua zikaanza kuja. Asilimia kumi na mbili na nusu. Miezi sita baadaye, kumi na saba: dola mia nane na hamsini kila mwezi, wakati kodi ya vyumba na maduka yote haikufika elfu moja. Mlinzi alidai mshahara, mabati ya safu ya tatu yalitaka kubadilishwa. Séraphin alikaa na kalamu siku nzima akaona njia moja nyepesi, kila chumba kitoke dola kumi na tano kiende ishirini. Aliandika tangazo kwa mkono wake, akalibandika kwenye milango yote arobaini.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini Uwamwezi wa chumba cha tisa. Alikuwa mjane aliyekimbia vita na watoto watatu, akiuza maharagwe kwa bakuli sokoni. Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni, anakohoa kikohozi kikavu, cha kukatika-katika.

"Papa Séraphin, hii tano nitaitoa wapi?"

"Haiko mimi, Mama. Iko riba. Kule Goma wamepandisha."

"Ile Goma mimi siijue. Mutu mwenye ninajua ni weye."

Séraphin alitazama daftari lake.

"Unipe mwezi moja tu," Uwamwezi akasema. "Mutoto akipona, nitaongeza."

Akimkubalia yeye, wengine thelathini na tisa watakuja kesho. Alisema hapana, kwa sauti ya chini na kwa adabu. Uwamwezi alimshukuru, akafunga kitenge vizuri mgongoni, akatoka. Ni kule kushukuru kulikomchoma zaidi baadaye.

Ijumaa chumba cha tisa kilikuwa wazi. Uwamwezi alihamia kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha shitingi za plastiki, mvua za Machi zikiwa zimeshaanza. Mwezi ule wapangaji wengine saba waliondoka, na pesa ambayo Séraphin alitaka kuiokota upande huu ikamwagika upande wa pili. Wiki chache baadaye mapigano yalisogea, kambi ikatawanyika, na hakuna aliyejua Uwamwezi ameelekea wapi.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri. Séraphin alikuwa akipita safu ya pili akiangalia makufuli, akasikia mtoto anakohoa ndani ya chumba cha tisa. Alifungua. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, ukutani kuna weusi wa moshi wa jiko. Hakukuwa na mtu. Alifunga, akageuka, na kikohozi kikaanza tena, kile kile, kikavu, kwa subira.

Jumatano iliyofuata alikisikia tena. Kisha akakisikia kanisani katikati ya mahubiri, akatazama nyuma, akaona wazee tu. Kisha ofisini, wakati anaandika asilimia kumi na saba. Alipangisha chumba kile kwa Jean-Bosco, kijana wa taksi ya pikipiki, na baada ya wiki akamuuliza kama anasikia kitu.

"Kitu gani, Papa? Mimi ninalala fofofo."

Mkewe, Anastasie, alimshika paji la uso kuona kama ana homa. Halikuwa la moto.

"Unasikia ile nyumba," akamuuliza, "ao unajisikia weye mwenyewe?"

 Wiki ile Séraphin alikwenda nyumbani kwa Papa Jean-Luc na karatasi moja.

"Tuuze ng'ombe ishirini," akasema. "Tupunguze deni kwa dola elfu kumi. Kwa ile itabakia, elfu makumi tatu tuifunge kwa riba yenye haitasogea, hata wakitaka kumi na tano. Elfu makumi mbili iendelee kupanda na kushuka, lakini tuwaombe waandike mwisho wake: isipite kumi na nane. Na chumba kirudi kwa kumi na tano."

"Ng'ombe ishirini! Na riba ya kumi na tano, wakati kesho inaweza kushuka ifike kumi?"

"Inaweza kushuka. Pale tutakuwa tumepoteza."

"Sasa faida yake njo nini?"

"Papa, mimi njo niliyekuambia tutaona. Na wenye waliona haiko sisi. Ile hatari ya riba hatukuibeba, tuliipeleka mulangoni kwa watu. Safari hii ikitupiga, itupige sisi."

 Papa Jean-Luc aliuza ng'ombe kumi na nane, akaongezea pesa ya mfukoni. Wakopeshaji walikubali baada ya safari tatu za Goma na ada waliyoitoza bila aibu.

Mwaka uliofuata riba ilifika asilimia ishirini na moja. Ya kampuni ilisimama palepale walipoandikiana, na kodi ya vyumba haikuguswa. Wapangaji hawakujua lolote, na hakuna aliyekuja kushukuru. Séraphin aliona ni sawa. Alidhani pia kwamba kikohozi kitakoma. Hakikukoma.

Ndipo Jean-Bosco alipotoka safari ya Walikale akasema amemwona Uwamwezi, yule aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni, kwenye machimbo ya Omate, anapikia wachimbaji. Séraphin aliomba ruhusa, akapanda pikipiki siku mbili, kisha akatembea msituni kwa miguu, matope hadi magotini.

Alimkuta chini ya turubai, anasonga fufu, ugali wa muhogo. Watoto wawili wakubwa walikuwa wanaosha sahani. Uwamwezi alimtambua mara moja.

"Papa Séraphin wa Kitshanga. Ukae, ukule."

Alikula kwanza, kwa sababu hakujua aanze wapi. Kisha akamweleza: kodi imerudi ilivyokuwa, haitapanda tena ghafla, na akitaka kurudi, atapewa chumba.

Uwamwezi aliendelea kusonga.

"Mimi sitarudi mu nyumba yenye bei yake inaamuliwa na watu siwaone. Hapa mvua inanipiga, lakini ninaiona ikikuja."

"Na ule mudogo?"

"Epiphanie? Alifia kambini. Wiki tatu tu. Ile kifua." Alisema hivyo bila hasira, akageuza fufu, akampakulia mchimbaji aliyekuwa anangoja.

Séraphin alitaka kumwambia kwamba anamsikia mtoto.  Aliona hana haki ya kumletea mama yule kikohozi ambacho yeye mwenyewe hakisikii. Alilipa sahani yake na kuondoka.

Nyumbani alimwambia Anastasie jina la mtoto. Kwenye daftari lake, chini ya chumba cha tisa, aliwahi kuandika tu: mama mmoja, watoto watatu.

"Alikuwa na miaka ngapi?" Anastasie akauliza.

Séraphin alifungua mdomo, akagundua kwamba hakuuliza. Jumatatu alikuwa ofisini saa mbili kamili, kwa sababu barua ya riba ya nusu mwaka ilikuwa imefika.